Saa, Mapigo na Mwanzo wa Kuhesabu: Uhakiki wa Istilahi ya Muda katika Maikrokontrola

1. Utangulizi

Katika mijadala juu ya uwezo wa Kiswahili wa kueleza sayansi, lawama izoeleweyo ni kwamba lugha haina maneno. Makala haya yanashughulikia kasoro iliyo kinyume cha hiyo, yaani lugha kuwa na neno lililo tayari mno, hata mfasiri akalitwaa pasipo kulipima. Neno lenyewe ni saa.

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyokusanywa ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Imo katika mita za umeme, katika rimoti za televisheni, katika vidhibiti vya umeme wa jua na katika vifaa vingi vichomekwavyo kwenye kompyuta kwa njia ya USB. Jambo la kwanza alipaswalo kulijua mtu aiandikiaye programu ni mahali zitokapo nyendo zake za ndani, na kasi ya nyendo hizo. Waingereza huliita jambo hilo kwa jina lile lile waliitalo saa ya ukutani. Mfasiri afunguapo Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (1996) hupewa saa. Naye huandika saa, kisha huendelea na kazi.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ni kosa. Kwamba kosa lenyewe ni la maana wala si la ladha. Na kwamba Kiswahili kina mali ya kutosha, katika ngoma na katika ushairi, ya kulisahihisha. Hoja itaanzia mahali ambapo wasemaji wa Kiswahili wamekwisha kuzoea kuishi na saa mbili kwa pamoja, nako ni kwenye stesheni ya reli.

2. Saa mbili za Emali

Emali ni mji wa Kaunti ya Makueni, kandokando ya barabara kuu iendayo Mombasa kutoka Nairobi, mahali ichipukapo njia ya kwenda Oloitokitok. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilipitishwa hapo. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, nayo ina stesheni yake hapo. Soko la Emali huwakutanisha Wakamba na Wamaasai, na aghalabu Kiswahili ndicho kiwaunganishacho katika bei na miadi.

Mtu wa sokoni asemapo "tuonane saa mbili asubuhi", anahesabu tangu kucha. Ratiba ya reli huhesabu tangu usiku wa manane, na wakati ule ule huuita wa 8. Saa nane mchana ya sokoni ni 14 ya ratiba. Msafiri huvuka kutoka hesabu moja kwenda nyingine mara nyingi kwa siku, tena bila taabu, kwa sababu tofauti kati ya nyuso mbili za saa ni sita daima. Akiisha kuijua sita, ameijua tofauti yote.

Yafaa kuangalia kwa makini ni kitu gani hasa kinachotofautiana hapo. Saa ya sokoni na saa ya stesheni hazitofautiani kwa mwendo. Dakika ya muuza mbuzi ni ndefu sawasawa na dakika ya mkuu wa stesheni. Zinatofautiana kwa mwanzo wa kuhesabu tu. Hitilafu ya mwanzo huponywa kwa kujumlisha au kutoa mara moja, na jambo likaisha.

Hitilafu ya mwendo ni nyingine kabisa. Ichukuliwe saa inayozidi mwendo kwa asilimia 1. Kila siku itatangulia kwa dakika 14 na sekunde 24. Ikiwa ilitegwa kwa hesabu ya sokoni, baada ya siku 25 itakuwa imetangulia kwa saa sita kamili, nayo itaonyesha sawasawa na saa ya stesheni. Lakini kwa kitambo tu, na kwa bahati, kwa maana siku ya 26 itakuwa imeipita. Hakuna nambari ya kujumlisha iwezayo kuiponya saa hiyo. Hiyo haina budi kutengenezwa katika mwendo wake.

Kiswahili cha kila siku kinaijua tofauti hii vizuri. Msemaji husema "saa yangu iko mbele" akiwa na maana ya kwanza, na "saa yangu inakimbia" akiwa na maana ya pili. Kauli hizi mbili ndizo msingi wa hoja yote ifuatayo, kwa kuwa sehemu ya maikrokontrola inayozungumzwa hapa inahusu kukimbia na kukawia, wala haihusu hata kidogo kuwa mbele au nyuma.

3. Neno moja na mizigo yake

Saa, neno lililotoka katika Kiarabu, limekwisha kubeba mizigo mitatu. Ni chombo kivaliwacho mkononi au kitundikwacho ukutani. Ni kipimo cha dakika 60. Ni pia jina la wakati fulani wa siku, kama katika swali "saa ngapi?" Kiingereza hugawa mizigo hii kwa maneno mbalimbali: chombo kina jina lake, tena la mkononi mbali na la ukutani, na kipimo cha dakika 60 kina jina lake. Hivyo wahandisi wa Kiingereza walipoliazima jina la saa ya ukutani na kuliingiza katika elektroniki, hawakulichanganya na kipimo. Mfasiri wa Kiswahili aigizapo uazimaji huo analitwika saa mzigo wa nne, na mzigo huo unagongana na ule wa pili papo hapo.

Ushahidi uko katika hesabu yenyewe. Katika STM32F103, maikrokontrola ya kampuni ya STMicroelectronics, desturi ni kuchukua mapigo milioni 8 kwa sekunde, kuyazidisha kwa 9 kupata milioni 72, kisha kuyagawa kwa moja na nusu ili sehemu ya USB ipate milioni 48. Mfasiri ashikaye neno saa ataandika kwamba chombo kina "saa 72" na USB yake ina "saa 48". Kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili ajua saa 72 ni siku tatu, na saa 48 ni siku mbili. Ndizo tarehe za mwisho wapewazo wagomaji. Hata akiongeza neno megahezi, sentensi haitengenei, maana sasa msomaji ataona kipimo juu ya kipimo.

Ziko sentensi nyingine zenye madhara zaidi kwa kuwa hazichekeshi. "Rekebisha saa ya chombo" kwa Kiswahili ni kusogeza mishale mpaka ionyeshe wakati wa kweli. Lakini kazi itakiwayo ni kurekebisha mwendo. "Saa ya chombo imekosea" humfanya mwanafunzi aulize imekosea kwa dakika ngapi, wakati ambapo jibu ni sehemu kadhaa kwa kila milioni. Mwanafunzi wa namna hiyo hakosi akili. Amefuata lugha aliyopewa, nayo imempeleka njia isiyo.

Yafaa kukumbuka kwamba juhudi nyingi za kuunda istilahi za kompyuta zimeelekea upande wa nje. Iwapo kompyuta iitwe ngamizi, kama ilivyopendekezwa Tanzania, au tarakilishi, kama lilivyopendelewa Kenya, ni suala lililokula karatasi nyingi, na watu wakaendelea kusema kompyuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa na faida kubwa, lakini kwa tabia yake ulihusu maneno yaonekanayo kwenye kiwambo: kufungua, kuhifadhi, kuhariri. Yaliyo chini ya kiwambo yalibaki bila wa kuyasemea.

4. Mahali saa istahilipo

Isidhaniwe kwamba saa halina nafasi katika vyombo hivi. Linayo, na nafasi hiyo ni vyema iwekwe wazi ili lisienee kwingine.

Maikrokontrola nyingi zina sehemu ndogo inayotunza tarehe na wakati. Sehemu hiyo huendeshwa na fuwele ya kwatsi ya aina ile ile iliyomo katika saa za mkononi, itetemayo mara 32,768 kwa sekunde. Nambari hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata moja, yaani pigo moja kwa kila sekunde. Sehemu hiyo huhesabu, ina mwanzo wa kuhesabu, na hujibu swali "saa ngapi?" Hiyo ni saa kwa haki kabisa.

Umuhimu wa mwanzo wa kuhesabu ulijulikana nchini Kenya mwaka 2024 kwa njia iliyogusa nyumba nyingi. Tokeni za umeme wa kulipia kabla, zile nambari zenye tarakimu 20, hubeba ndani yake hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993. Hesabu hiyo iliwekewa nafasi ya biti 24, yaani dakika 16,777,216, nazo zilikuwa zinakwisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu ingeanza tena sifuri, na mita, ambayo hukumbuka tokeni ilizokwisha kupokea, ingezikataa tokeni mpya kama za kale. Kwa hiyo kampuni ya Kenya Power iliwataka wateja waingize mafungu mawili ya tarakimu 20 kabla ya fungu la tatu lenye umeme wenyewe. Mafungu yale mawili yalibadili ufunguo wa mita, na mwanzo wa kuhesabu ukahamishwa hadi mwaka 2014.

Mambo yalikuwa sawa na ya Emali. Hakuna dakika iliyorefushwa wala kufupishwa. Kilichohamishwa ni mwanzo. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea kutoa sita ndiye hasa angeweza kuelezwa jambo hilo kwa maneno machache, lau maelezo yangetumia mazoea yake.

5. Mapigo na vyanzo vyake

Sasa yarejewe yale ambayo si saa. Maikrokontrola haifanyi tendo ila kwa pigo. Kila pigo lijapo, saketi zake husogea hatua moja. Pigo likikosekana, chombo kimelala. Pigo haliulizi kama ni alfajiri au magharibi, wala halina mwanzo wa kuhesabu. Lina kitu kimoja tu, nacho ni ulinganifu wa mwendo. Kwa Kiswahili kitu cha namna hiyo kina jina tangu zamani: ni mapigo, kama mapigo ya moyo na mapigo ya ngoma.

Neno hili likikubaliwa, kazi nzima ya kuandaa chombo huelezeka bila kukwama. STM32F103 ipatapo umeme huanza kwa chanzo cha mapigo cha ndani, kitokanacho na rezista na kapasita. Chanzo hicho huamka upesi na hakigharimu kitu, lakini huyumba kwa joto na kwa volteji. Hata kikisha kupimwa kiwandani, kosa lake huweza kufikia asilimia 1, na zaidi kifaa kiachwapo katika jua la nchi kame kama ya Emali. Chanzo cha pili ni fuwele iliyofungwa nje, ambayo kosa lake kwa kawaida ni makumi machache ya sehemu kwa kila milioni. Programu huiamsha fuwele na kungoja itulie. Hupanga muda ambao kumbukumbu itangojewa, kwa kuwa kumbukumbu haiwezi kusomwa kwa kasi ya mapigo milioni 72. Huweka kizidishi kuwa 9 na kungoja kishike. Ndipo hukihamisha chombo kwenye mapigo mapya. Atakayehamisha kabla ya kupanga kumbukumbu atakiona chombo kikiganda.

Kizidishi kisimshangaze mwanafunzi. Mpiga chapuo anaweza kupiga mapigo tisa mepesi ndani ya kila pigo moja zito la vumi, mradi asikilize vumi daima na ajirekebishe kila asikiapo kwamba ametangulia au amechelewa. Kizidishi cha maikrokontrola hufanya hivyo hasa: hutoa mapigo yake ya haraka, huyagawa, huyalinganisha na ya fuwele, na hujisahihisha. "Kushika" ni wakati wawili hao wanapokwenda pamoja. Maelezo haya yangewezekanaje kwa neno saa? Saa haishiki saa nyingine; mapigo hushika mapigo.

6. USB, mizani na mazida

Ugumu halisi huonekana kwenye USB. Waya wa USB wa aina ya kawaida una nyuzi mbili za habari, pamoja na za umeme. Hakuna uzi uchukuao mapigo. Kompyuta hutuma biti milioni 12 kwa sekunde, na kifaa kipokeacho hakina budi kujua kila biti inaanzia wapi kwa kuzisikiliza biti zenyewe.

Wasomaji wa jarida la lugha wana kielelezo cha jambo hili karibu nao. Shairi lighanwapo bila ngoma, msikilizaji mzoefu huijua mizani, nane na nane, kutokana na silabi zenyewe. Hakuna ampigiaye kofi la kumwonyesha. Ana mapigo yake ya ndani, nayo huyalinganisha na ya mghani. Ndivyo ilivyo kwa kifaa cha USB.

Kwa hiyo kosa linaloruhusiwa limewekewa mpaka. Kwa kasi hiyo ya biti milioni 12, ni asilimia 0.25 tu; kwa kasi ya chini ya biti milioni 1.5, ni asilimia 1.5. Kila milisekunde moja kompyuta hutangaza mwanzo wa fungu jipya, na fungu moja lina nafasi ya biti 12,000. Asilimia 0.25 ya hizo ni biti 30. Asilimia 1 ni biti 120. Basi chanzo cha ndani chenye kosa la asilimia 1 kimepita mpaka mara nne, na kifaa hakitatambuliwa, ijapokuwa programu yake haina kosa jingine. Neno la "uvumilivu", ambalo mfasiri wa neno kwa neno angelitumia kwa mpaka huu, halifai. Kifaa hakivumilii, kinaruhusiwa kukosea kwa kiasi.

Lipo tatizo jingine ambalo ushairi unalieleza vyema zaidi. Katika USB, biti ya sifuri hubadili hali ya nyuzi, na biti ya moja huiacha kama ilivyo. Moja zikifuatana nyingi, nyuzi hazina badiliko, na msikilizaji hupoteza hesabu kama apotezavyo mghani anyamazapo. Dawa yake ni kwamba baada ya moja sita mfululizo, mtumaji huingiza sifuri isiyo sehemu ya habari, ili pigo lisikike. Washairi wanalo jina la silabi iingizwayo kwa ajili ya mizani: mazida. Kanuni za ushairi zilizoelezwa na Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954) zimewafanya wanafunzi wengi waijue mizani kabla hawajaiona saketi.

Hata hivyo ulinganisho una mpaka wake, nao usifichwe. Mazida ya mshairi hubaki katika mshororo na husomwa. Mazida ya USB hutupwa na mpokeaji mara tu yakiisha kufanya kazi yake. Kwa sababu hiyo istilahi ifaayo ni "biti ya mazida", na fasili yake iseme wazi kwamba huondolewa. Istilahi iliyoazimwa ni halali ikiwa tofauti imesemwa.

Mwisho wa hoja hii ni maikrokontrola za baadaye, mfano STM32F042, ziwezazo kutumia USB bila fuwele. Chombo hicho hutoa mapigo milioni 48 kwa chanzo cha ndani, na huyahesabu kati ya tangazo moja la kompyuta na jingine. Panapaswa kuwa 48,000. Kikihesabu 48,096, kinajua kwamba kinakimbia kwa asilimia 0.2, nacho hujipunguza. Izingatiwe kwamba kompyuta haijakiambia ni saa ngapi. Imekipa mwendo tu. Anayesema kwamba kompyuta "imerekebisha saa" ya chombo amesema jambo ambalo halikutokea.

7. Pingamizi

Pingamizi la kwanza litakuwa kwamba mafundi wakisema kloki wanaelewana, basi waachwe. Ni kweli wataelewana wao kwa wao. Lakini kloki halizai. Halitoi kitenzi, wala halimwambii anayeanza lolote. Mapigo yana kupiga, mpigo, na upigaji, na kila moja lina kazi ya kufanya.

Pingamizi la pili ni kwamba pigo lina maana ya msiba, kama katika "pigo kubwa kwa taifa". Maana hiyo hushika zaidi umoja wa neno na muktadha wa huzuni. Wingi wake, mapigo, umekwisha kuzoeleka kwa moyo na ngoma. Daktari asemaye mapigo ya moyo hatishi mtu kwa neno hilo.

La tatu ni zito zaidi: kwamba istilahi za jamii ya washairi na wapiga ngoma wa pwani ni ngeni kwa kijana wa Makueni. Pingamizi hili husahau kwamba Wakamba wana ngoma zao, kilumi ikiwa mojawapo, na kwamba ushairi wa Kiswahili husomwa katika shule za bara kama za pwani. Kilicho kigeni kwa kijana huyo ni kuambiwa kwamba kifaa cha USB kina saa 48.

8. Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mgawanyo ufuatao. Saa libaki kwa chombo au sehemu ihesabuyo wakati na kujibu "saa ngapi?" Mapigo yawe jina la mwendo uendeshao saketi, na chanzo cha mapigo kiwe jina la mahali utokapo, kiwe cha ndani au cha fuwele. Kizidishi na kigawi vitumike kwa vibadilishi vya mwendo. Kulinganisha mapigo kwa tendo la kuurekebisha. Mwanzo wa kuhesabu kwa tarehe ambayo hesabu imetegwa. Na biti ya mazida kwa biti iingizwayo na kutupwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kati ya Nairobi na Emali ipo Konza, ambako ujenzi wa mji wa teknolojia ulizinduliwa mwaka 2013. Vijana wa Makueni watakaofanya kazi na vyombo hivi, kwenye maabara za mji huo au kwenye meza za mafundi wa simu kando ya barabara, watafundishwa kwa Kiingereza na kuelezana kwa Kiswahili. Maelezo hayo ya pili ndiyo ambayo idara za lugha zina dhamana nayo. Kamati za istilahi zingefanya vyema kuanza na maneno haya machache, ziyajaribu mbele ya mafundi wenyewe, na zipime kama aliyeelezwa kwa Kiswahili anaweza kuuweka mwendo wa chombo sawasawa bila kurudi kwenye kitabu cha Kiingereza.